Soko la Ntoto na Kiti cha Balozi

Katika ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, nchi inayojadiliwa kwa kawaida huzungumza mwisho. Wanachama kumi na watano huizunguka meza iliyopinda, wenye kura ya turufu wakiwa miongoni mwao, na kila mmoja hueleza anavyoviona vita vya watu wengine. Wakishamaliza, ndipo mwenye vita, aliyealikwa kwa kanuni ya 37 na kuketishwa mwishoni mwa meza, hupewa nafasi. Hana kura. Ana dakika chache, karatasi yake, na kibao chenye jina la nchi.

Mwaka 2022 na sehemu ya 2023, nyuma ya kibao cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alikaa Georges Nzongola-Ntalaja, mzee aliyezaliwa 1944. Mabalozi wengi hukifikia kiti kile kwa kupanda ngazi za wizara, kutoka katibu wa pili hadi mshauri, kutoka mshauri hadi balozi. Yeye alitoka darasani, na vitabu alivyokwisha kuandika vilikuwa vitabu vya mtu aliyeamini mapinduzi. Kimoja, cha 1987, kilibeba maneno mapinduzi na mapinduzi-pinzani katika jina lake. Kingine, cha 2002, kilisimulia historia ya Kongo tangu Leopold hadi Kabila kwa kuitazama kutoka chini, kwa wananchi. Kwa zaidi ya nusu karne alikuwa ameisema serikali ya nchi yake, sasa aliisemea.

Nimekuwa nikiyatafakari maisha yake nikiwa nimeelekeza macho Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini ambazo majina yake yalikuwa yakitajwa katika ukumbi ule karibu kila mara Kongo ilipojadiliwa. Naamini ndiko yanakopimwa vizuri zaidi. Kinshasa ingempima kwa siasa za vyama, na chuo kikuu kingempima kwa maandishi yake. Masisi na Walikale zinauliza swali gumu kuliko hayo: msomi aliyeahidi kuwasemea watu, je, akishavaa sauti ya dola, watu wale bado wanasikika ndani yake?

Mwanzo wake ni wa kizazi kizima. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya wamisionari Wamarekani huko Kasai pale uhuru ulipokuwa unabisha hodi, na mwaka 1960 akafukuzwa shule kwa sababu ya siasa za uhuru. Kijana wa miaka kumi na sita. Baadaye alikwenda Marekani, akasoma falsafa katika chuo cha Davidson, kisha diplomasia katika Chuo Kikuu cha Kentucky, kisha shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa Wisconsin, Madison. Nataka msomaji akumbuke kwamba diplomasia aliisomea mapema, akiwa hajafika miaka ishirini na mitano. Ilimngoja miaka zaidi ya hamsini. Katikati alifundisha Kisangani na Lubumbashi, kisha Zaire ya Mobutu ikawa haikaliki kwa mtu wa fikra zake, na kuanzia 1978 akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kwa takriban miaka ishirini.

Alilojifunza kwa Amílcar Cabral, mwanamapinduzi wa Guinea-Bissau, na hakuliacha, ni kwamba msomi wa Kiafrika ametoka katika tabaka linaloweza kuwasaliti watu kwa urahisi sana, na kwamba uzito wake unaonekana pale anapochagua upande. Alilojifunza kwa wakulima wa Kwilu, wale waliomfuata Pierre Mulele mwaka 1963 na 1964, ni dai la uhuru wa pili: ule wa kwanza ulikuwa umechukuliwa na wakubwa wapya, kwa hiyo watu wakahitaji mwingine. Wazo hili halikutungwa na maprofesa. Lilitoka vijijini, naye akaliweka katikati ya maandishi yake yote. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo lake bora kuliko yote, kwa sababu linamfanya mkulima asiyejua kusoma kuwa mwananadharia, na profesa kuwa karani wake.

Hakuwa Mkongo wa kwanza kupita baina ya mapinduzi na ubalozi. Thomas Kanza, mlei wa kwanza wa Kikongo kupata shahada ya chuo kikuu, huko Louvain mwaka 1956, alitumwa na Waziri Mkuu Lumumba Umoja wa Mataifa mwaka 1960 akiwa na miaka 26 tu. Miaka minne baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya waasi wa Stanleyville, na Novemba 1964 alikaa Nairobi, mbele ya Jomo Kenyatta, akizungumza na balozi wa Marekani William Attwood kuhusu mateka walioshikwa na waasi hao. Kesho yake makomando wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege za Marekani wakatua Stanleyville. Kanza alirudi katika kazi ya ubalozi uzeeni, baada ya miongo ya uhamisho. Kwa hiyo njia hii ina nyayo za zamani, na nyayo zenyewe zinaonyesha jinsi meza ya mazungumzo inavyoweza kutumika kupoteza muda wakati ndege zinajazwa mafuta.

Sasa tuje Masisi.

Anayeijua kwa sifa ataijua kwa malisho yake, vilima vya kijani vinavyofuatana hadi jicho linachoka, ng'ombe, jibini inayouzwa hadi Kinshasa, viazi na maharagwe yanayoteremshwa Goma kwa malori na chukudu, skuta za mbao. Lakini malisho yale yana historia, na historia hiyo imeandikwa kwenye karatasi za ofisi. Mwaka 1937 Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda kuja Masisi, ambao uliendelea hadi 1955. Walitaka vibarua wa mashamba ya walowezi, na walitaka kupunguza watu Rwanda, iliyokuwa ikipigwa na njaa. Makumi ya maelfu waliletwa. Eneo la Gishari likamegwa kutoka ardhi ya Wahunde likapewa utawala wake na chifu wa Kinyarwanda. Mwaka 1957 utawala huo ukafutwa, ardhi ikarudishwa chini ya wakubwa wa Kihunde, na watu wakabaki palepale bila mwami wao. Ndani ya miaka ishirini, mkoloni alikuwa amewapa watu nchi na kuwanyang'anya, na aliondoka bila kumwambia yeyote shamba ni la nani.

Uhuru ulilikuta swali hilo wazi na ukaliacha wazi. Miaka ya mwanzo ya 1960 damu ilimwagika katika vita ambavyo watu wa huko bado wanaviita vya Kanyarwanda. Mwaka 1972, Barthélemy Bisengimana akiwa mkurugenzi wa ofisi ya Mobutu, ilitungwa sheria iliyowapa uraia wote waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya ardhi iliyosema ardhi yote ni ya dola, na baada yake uzairishaji, ambapo mashamba ya walowezi yaligawiwa wenye majina Kinshasa. Vilima vizima vya Masisi vikawa ranchi za watu wachache, na mkulima wa Kihunde na mkulima wa Kihutu, wote wawili, wakajikuta wakilima pembezoni mwa waya. Mwaka 1981 Bunge likaifuta sheria ya 1972. Sasa raia alikuwa yule ambaye babu zake walikuwa wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Mtu aliyepiga kura mwaka 1977 aliamka akiwa mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Nimekaa na tarehe hizi kwa sababu bila hizo jina la Ntoto halieleweki. Ntoto ni kijiji cha Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, chenye soko. Tarehe 20 Machi 1993 wanamgambo wa Kinyanga na Kihunde waliwavamia Wanyarwanda waliokuwa sokoni, wengi wao Wahutu, wakawaua. Katika majuma yaliyofuata vita viliingia Masisi, vijiji vikalipiza kwa vijiji, na waliokufa hadi katikati ya mwaka walikuwa maelfu. Rwanda ilikuwa bado haijavuka mpaka. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa hayajatokea, wakimbizi wake walikuwa hawajafika Goma, na koltani haikuwa imesikika kwenye simu ya mtu. Umoja wa Mataifa wenyewe, ulipotoa mwaka 2010 ripoti yake kubwa ya makosa mazito yaliyofanywa Kongo, matukio 617, ulianza hesabu na Machi 1993.

Na Machi 1993, Nzongola-Ntalaja alikuwa wapi? Alikuwa upande ambao historia, kwa kawaida, huusifu. Mkutano Mkuu wa Taifa, uliofunguliwa Agosti 1991 na kujitangaza kuwa wenye mamlaka kamili, ulikuwa jaribio kubwa kuliko yote la Wakongo kujitawala kwa maneno. Zaidi ya wajumbe elfu mbili chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Wakristo wakapigwa risasi barabarani Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 kwa kudai ufunguliwe tena. Étienne Tshisekedi akachaguliwa waziri mkuu Agosti mwaka huo. Nzongola alirudi kutoka uhamishoni kushiriki, kisha akawa mshauri wa diplomasia wa serikali ya mpito. Mobutu hakukubali. Mwanzoni mwa 1993 alimfukuza Tshisekedi, na mwezi uleule wa Ntoto akamteua Faustin Birindwa. Kongo ikawa na mawaziri wakuu wawili na haikuwa na serikali hata moja. Nani angetuma askari, hakimu au hata gari la wagonjwa Walikale?

Lakini kuna jambo lingine linalouma zaidi, na sioni njia ya kulipita. Katika Mkutano uleule Wanyarwanda wa Kivu Kaskazini walizuiwa kuingia kama wawakilishi wa jimbo lao. Mkutano uliokuja kuwarudishia wananchi sauti ulianza kwa kuamua nani si mwananchi. Uamuzi ule ulisafiri hadi vijijini kwa kasi kuliko azimio lolote la demokrasia. Uliwaambia wengine kwamba wamefungiwa mlango, na wengine kwamba sasa wana ruhusa. Hili halimwangukii mtu mmoja, wala simwekei Nzongola mzigo wa wajumbe elfu mbili. Katika kitabu chake cha 2002 aliliangalia suala la Wanyarwanda wa Kivu kwa macho ya mwanahistoria, na sheria za uraia zilizowapa na kuwanyang'anya. Ninachosema ni kwamba wakati ukombozi ulipokuwa unazungumza kwa sauti kubwa kuliko wakati wowote tangu Lumumba, Masisi na Walikale hazikusikia ukombozi. Zilisikia orodha ya majina.

Siwezi kuandika haya bila kumtaja Ernest Wamba dia Wamba, kwa sababu wawili hawa ni vijana wa wakati mmoja waliochagua njia mbili. Wamba, mzaliwa wa Bas-Congo mwaka 1942, alisoma Marekani pia, akafundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1980, akaongoza CODESRIA, baraza la wanazuoni wa sayansi ya jamii wa Afrika. Wanafunzi wake wa Mlimani walimjua kama mtu wa mbongi, baraza la kijiji la Kikongo ambamo kila mtu husema hadi neno lipatikane. Alipinga mantiki ya bunduki kwa miaka mingi. Kisha Agosti 1998 alitokea Goma akiwa rais wa RCD, kundi la waasi lililosukumwa na Rwanda na Uganda kumpiga Rais Laurent Kabila. Masisi na Walikale zikawa uwanja wa jeshi lililobeba jina lake. Mwezi Mei 1999 wenzake wa RCD walimtoa. Agosti mwaka huo, yeye akiwa Kisangani, majeshi ya wafadhili wake wawili yalipigana mitaani kati ya watu. Alikufa Julai 2020, akiwa amepita Seneti ya mpito, na heshima ya wengi kwake ilibaki na majonzi ndani yake.

Nadhani Wamba alitaka kwa dhati kuligeuza jeshi kuwa baraza. Jeshi halikumsikiliza hata siku moja. Mwenye silaha huhitaji profesa kwa ajili ya mkutano wa waandishi wa habari, na baada ya hapo profesa anakuwa mzigo. Ndiyo maana, nikiwaweka wawili hawa pamoja, njia ya Nzongola naiona kuwa ya heshima zaidi. Aliendelea kufundisha na kuandika; aliikosoa Kinshasa, Kigali, Kampala na Washington bila kukopa bunduki ya yeyote; alifanya kazi ya utawala bora na Umoja wa Mataifa, Nigeria na Oslo; kisha Chapel Hill, North Carolina. Alipoitwa na Rais Félix Tshisekedi, mwana wa waziri mkuu aliyemshauri miaka thelathini nyuma, alikuwa amebakiwa na kitu ambacho wengi wa kizazi chake walikuwa wamekwisha kukitumia: jina safi.

Akaitwa wakati mbaya. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. Mwezi uliofuata watu wa Goma na Butembo walivamia kambi za MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wakidai iondoke, na damu ikamwagika pande zote. Januari 2023 vita viliingia Masisi: Kitchanga ikaanguka tarehe 26, kisha Mushaki, na barabara ya Goma ikajaa akina mama wenye magodoro kichwani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika wazi kwamba jeshi la Rwanda lilikuwa likipigana bega kwa bega na M23. Balozi Nzongola alilisema hilo mbele ya Baraza, akilitaja kwa jina lake: uvamizi. Alidai pia Kongo iachiwe kununua silaha bila kamati ya vikwazo ya Baraza kutaarifiwa kwanza, na tarehe 20 Desemba 2022 azimio 2667 lililiondoa sharti hilo. Haya si mambo madogo. Kwa miaka mingi wakubwa wa dunia walikuwa wakiizunguka Kigali kwa maneno laini, na ni vyema kwamba aliyesimama pale alikuwa mtu aliyejua historia kuliko wote waliomsikiliza.

Alisema kweli. Lakini kiti kile kinaruhusu nusu ya kweli, na nusu ya pili ndiyo aliyokuwa ameiandika kwa ustadi kuliko yeyote. Hoja kuu ya kitabu chake ilikuwa kwamba nchi ndogo zisingeweza kuivamia nchi kubwa kiasi kile kama dola ya Kongo isingekuwa imeoza, imeliwa na watawala wake wenyewe. Profesa angesema uvamizi na uozo kwa pumzi moja. Balozi husema uvamizi, na uozo unabaki kwenye rafu ya maktaba.

Chukua Bisie, Walikale. Walikale ni pana mno, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, msitu juu ya msitu, na barabara inayokwenda Kisangani kupitia Lubutu imekufa na kufufuka mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasiteriti, madini ya bati, iligunduliwa katika kilima kimoja ndani ya msitu, mwendo mrefu wa miguu kutoka Njingala. Wanaume walifika kwa maelfu. Mawe yalibebwa mgongoni hadi barabarani, kisha ndege ndogo zikatua Kilambo, juu ya lami ileile ya barabara kuu kwa kuwa uwanja hakuna, zikayapeleka Goma. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiteriti yote ya jimbo ilitoka hapo. Na nani alikuwa akikusanya kodi mlangoni mwa kilima? Brigedi ya 85, kikosi kilichovaa sare ya jeshi la taifa, hadi mwaka 2009. Mchimbaji alilipa kuingia, akalipa kutoka, akalipa kulala. Hakuna balozi atakayemwambia mwakilishi wa Ufaransa au wa China kuhusu Brigedi ya 85. Hakutumwa kwa ajili hiyo.

Au chukua Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, katika vijiji kumi na vitatu, watu wasiopungua 387 walibakwa na wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, wa Mai-Mai Sheka, na wa kanali aliyeasi jeshi. Wanawake, wanaume, wasichana, wavulana. Kambi ya walinda amani ilikuwa si mbali, na dola ilikuwa mbali kabisa. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi mojawapo, alikuwa mfanyabiashara wa madini wa Walikale kabla ya kuwa mbabe wa vita. Aliwahi hata kugombea ubunge, na akahukumiwa kifungo cha maisha Goma Novemba 2020. Adui wa Luvungi alitoka pande zote. Alikuwa mgeni mwenye silaha, alikuwa kijana wa nyumbani, na alikuwa afisa aliyefundishwa na serikali.

Kuna watakaosema kwamba si kazi ya balozi kuvua nguo za nchi mbele ya wageni. Nakubali, na simtaki afanye hivyo. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kutetewa na mtu anayejua kutetea, na Masisi yenyewe, ilipokuwa inashambuliwa, ingeshangaa kumsikia mwakilishi wake akitoa mhadhara juu ya Gishari. Malalamiko yangu yanaelekea kwingine. Dola ambayo kwa miaka arobaini iliwaacha wasomi wake waseme ukweli ugenini, na ilipowaita nyumbani ikawaita kwenye kipaza sauti cha nje peke yake, imechagua kutumia ndimi zao na kuyaacha maarifa yao. Mtu aliyeandika historia ya wananchi angestahili pia kuketishwa mahali pengine: katika meza ya sheria ya ardhi, katika tume ya uraia, mbele ya bami wa Masisi na machifu wa Wanyanga. Sheria ya uraia ya 2004 iliisogeza tarehe hadi 30 Juni 1960, na hilo lilikuwa jema. Lakini sheria iliyoko Kinshasa haimsaidii mama wa Bashali, Masisi, ambaye kila kizuizi cha barabara kinaliuliza jina lake upya. Kazi hiyo haikuwa na balozi wala waziri aliyeibeba kwa uzito huo.

Kiti kile kilipata mtu mwingine baada yake, Zénon Mukongo, na vita vikaenda mbali kuliko wakati wa Nzongola. Tarehe 30 Aprili 2024 M23 waliichukua Rubaya, Masisi, ambako hutoka sehemu kubwa ya koltani ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kodi yao huko kuwa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Masisi-centre ilianguka mwanzoni mwa Januari 2025, Goma tarehe 27 ya mwezi huo. Mwezi Machi walifika Walikale. Kampuni ya bati iliyokuja kuchimba kwa mitambo kilima kilekile cha Bisie ikasimamisha kazi, kisha ikaanza tena walipoondoka Aprili. Wazalendo nao, vijana wa vijijini waliopewa silaha na baraka za serikali, wamejaa pande zote mbili za mto Lowa. Baadhi yao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Ntoto, nao wanabeba kinyongo chake kama wanavyobeba majina ya babu zao.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mjini Washington, na Julai serikali na M23 wakatia saini tamko Doha. Wanadiplomasia wamefanya kazi yao, na mtu yeyote aliyeona kambi za wakimbizi wa ndani za Goma zikivunjwa mwanzoni mwa mwaka ule atashukuru hata kwa saini moja. Makubaliano ya Washington yanahusu mpaka, FDLR, hatua za ulinzi za Rwanda na biashara ya madini. Hayahusu nani anamiliki kilima cha Masisi, na hayakupaswa kulihusu swali hilo. Waziri wa Marekani hana la kusema juu ya mwaka 1957.

Wenye la kusema wapo. Ningependa kuona mkutano kama ule wa 1991 ukifanyika huko huko, Masisi-centre au Walikale-centre, kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ambamo Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu na Mtutsi wa Kivu hupatana bei sokoni kila siku. Uanze na ardhi, kabla ya silaha. Hati za ranchi za 1973 zisomwe kwa sauti, shamba kwa shamba. Wachimbaji wa Bisie na Rubaya wawe na wajumbe wao, na wanawake wa Luvungi wawe na wao. Mwaka 1992 Mkutano wa Kinshasa uliandika ripoti kuhusu mali zilizoibwa na kuhusu mauaji ya kisiasa, na ripoti hizo zikazuiwa zisisomwe ukumbini. Safari hii zisizuiwe. Na mlangoni pasiwepo mtu mwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitwa Wakongo. Nzongola-Ntalaja na waliobaki wa kizazi chake wanajua jinsi mkutano wa namna hiyo unavyoendeshwa, kwa sababu waliwahi kuushiriki, na wanajua ni wapi ulipokosea.